Kitanda kinakunjika, kodi je?

Hebu simama katikati ya chumba chako utazame kushoto na kulia. Kama wewe ni kijana unayekodi Ukunda, Diani au kule Msambweni karibu na hospitali, huenda umesimama ndani ya kumi kwa kumi. Futi kumi upande huu, futi kumi upande ule. Futi mia moja za mraba, ambazo ni kama mita 9.3 za mraba. Sebule ni hapo, chumba cha kulala ni hapo, jikoni ni hapo, na mgeni akija, baraza nayo ni hapo hapo.

Sasa tupige hesabu, maana bila hesabu tutapiga porojo tu. Kitanda cha tano kwa sita kinakula futi 30. Kochi la watu watatu, futi sita kwa tatu, linakula 18. Meza ya katikati, mbili kwa nne, 8. Pembe ya mtungi wa gesi na sufuria, 6. Kabati la nguo, 8. Halafu kuna mlango, ambao watu huusahau. Mlango wa futi tatu unaofunguka kwa ndani unafagia futi saba hivi ambazo huwezi kuweka kitu. Jumla 77. Umebakiwa na futi 23 za kutembea, kupika, kupiga pasi na kugombana na mwenzako.

Ndiyo maana zile video za simu zinatushika. Umeziona. Mtu anavuta kamba, kitanda kinapanda ukutani na kugeuka kabati. Anabonyeza, meza inatoka kwenye picha ya ukutani. Viti vinne vinaingia ndani ya kiti kimoja. Sekunde ishirini, chumba kimekuwa uwanja. Unaangalia chumba chako, unaangalia simu, unaanza kuuliza fundi bei.

Sikuja kukukataza. Mimi mwenyewe niliingia kwenye mtego huo na sijajuta kabisa. Lakini kuna swali ambalo video haziulizi: ukuta ule ni wa nani? Ukishalijibu hilo, utajua ni fanicha gani ya kukunja inakufaa, na utajua pia ni nani anayefaidika na nafasi unayookoa.

Kwanza tuondoe dhana kwamba haya mambo ni ya Wazungu au Wajapani. Mtoto wa Pwani amelelewa na fanicha za kukunja. Mbuzi ya kukunia nazi ni nini kama si kiti cha kukunja? Vibao viwili vinapitana kama mkasi, kimoja cha kukalia, kingine mguu, na mbele kuna ulimi wa chuma wenye meno. Nyanya akimaliza kukuna anakikunja, anakitundika, na jikoni pamebaki peupe. Marfaa ya kuwekea msahafu nayo ni ubao mmoja tu uliochongwa ukapasuliwa kwa ustadi hadi ukafunguka pande mbili, bila msumari. Na mkeka wa ukindu ndio mama yao wote. Asubuhi unakunjwa, unasimamishwa pembeni, na chumba kilichokuwa cha kulala kinakuwa cha kulia chakula.

Tazama siri ya vitu hivyo vitatu. Hakuna hata kimoja kilichofungwa ukutani. Vinatembea na mwenyewe.

Kitanda cha ukutani kina asili nyingine. Mtu anayetajwa sana ni William Lawrence Murphy, aliyeishi San Francisco, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, akabuni kitanda kinachosimama na kuingia kabatini. Mpaka leo Wamarekani wanakiita kwa jina lake. Lakini kilichokieneza hasa ni wajenzi wa nyumba za kupanga mijini. Wao ndio walionunua vitanda na kuvijenga pamoja na nyumba, mpangaji akaingia akakuta kitanda kipo. Gharama ilikuwa ya mwenye jengo.

Huko Hong Kong kuna msanifu majengo anayeitwa Gary Chang ambaye nyumba yake ya mita 32 za mraba imekuwa maarufu duniani. Kuta zake zinateleza kwenye reli za darini, ukivuta huu unapata jikoni, ukivuta ule unapata maktaba. Video zake hutembea sana. Ila kumbuka mambo mawili. Mita 32 ni zaidi ya mara tatu ya kumi kwa kumi yako. Na nyumba ni yake. Anaweza kutoboa ukuta usiku wa manane na hakuna atakayemgongea mlango.

Wewe ukitoboa, utagongewa.

Nikusimulie yaliyonipata. Nilikuwa nimepanga chumba Ukunda, ndani kidogo kutoka barabara kuu, nikamwita fundi anifungie meza ya kukunja ukutani. Ubao mzuri, bawaba chini, vishikizo viwili vya chuma pembeni. Nilikuwa nikiishusha kuandika, nikiipandisha kulala. Miezi saba nikafurahi. Siku ya kuhama, landilodi akaja na tochi mchana, akahesabu matundu. Manane. Akasema ukuta wake umeharibiwa, amana yangu ya mwezi mmoja itarekebisha. Nikasema sawa, basi naing'oa meza yangu niondoke nayo. Akasema, “Hiyo meza sasa ni ya nyumba.” Yaani matundu ni yangu, meza ni yake.

Nilimwona mwizi wakati huo. Baadaye nikaja kuelewa kwamba hoja yake ina mizizi. Katika sheria tuliyorithi kwa Waingereza kuna kanuni ya zamani kwamba kilichofungwa kwenye jengo huhesabiwa kuwa sehemu ya jengo. Zipo nafasi za mpangaji kuondoa baadhi ya vitu alivyofunga mwenyewe, lakini hapo unaingia kwenye mabishano ambayo kijana wa kumi kwa kumi hana muda wala wakili wa kuyabeba. Dawa yake ni karatasi moja: “Mpangaji ameruhusiwa kufunga meza, ataiondoa akihama na kuziba matundu.” Sahihi mbili, basi. Sikuwa nayo. Wengi wetu hata mkataba wenyewe hatuna, tunaishi kwa ujumbe wa M-Pesa.

Na usitegemee sana kinga ya serikali. Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296, imewekewa mpaka: nyumba ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Hebu niambie, Diani unapata nini kwa pesa hizo? Ukipita hapo, baraza la kusikiliza kesi za wapangaji si lako.

Kuna jambo la pili kuhusu ukuta, nalo linahusu usalama. Nyumba nyingi za huku zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yanayokatwa kwenye machimbo ya hapa hapa Kwale. Ni mawe mazuri, yana ubaridi wake, lakini yana vitundu na ni laini. Skurubu ikiingia kwenye jiwe lenye uwazi, leo inashika, baada ya miezi ya kupanda na kushuka inaanza kucheza. Meza ikianguka utakanyagwa kidole. Kitanda kikianguka ni habari nyingine. Mnamo Aprili 2022 kampuni ya Bestar ya Canada ilirudisha vitanda vya ukutani karibu 129,000 vilivyokuwa vimeuzwa Marekani, kwa sababu vikiwa havijafungwa sawasawa viliweza kung'oka ukutani na kumwangukia mtu. Mwanamke wa miaka 79 alikuwa amefariki. Na hizo ni nyumba ambazo skurubu zake zinakuja na kitabu cha maelekezo. Kama nyumba yako ni ya udongo na fito, kitanda cha ukutani kisahau kabisa.

Halafu kuna godoro. Hili ndilo video haionyeshi hata siku moja. Mbao inakunjika, chuma kinakunjika, godoro la inchi nane halikunjiki. Litaenda wapi? Ukilibana ukutani pamoja na kitanda, kwa joto na jasho la Pwani, hasa masika ya Aprili hadi Juni, shuka inabaki na unyevu na nyuma ya godoro kuvu inaanza kuchora ramani. Nimeona godoro la rafiki yangu mmoja lililokuwa jeusi upande mmoja, na yeye alikuwa analaumu landilodi kwa kukohoa. Kama utakunja kitanda, asubuhi kiache wazi kwanza, dirisha wazi, unywe chai, uoge, ndipo ukipandishe. Na tafuta godoro jembamba la vipande vitatu linalokunjika lenyewe. Mgongo utalalamika wiki ya kwanza.

Chumvi nayo haina huruma. Ukiwa Diani upande wa bahari, bawaba ya bei rahisi inapiga kutu mpaka inalia kama paka. Fanicha ya kawaida ikipata kutu kwenye skurubu utaendelea kuikalia. Ya kukunja ikipata kutu imekufa, maana uhai wake wote uko kwenye bawaba. Mwambie fundi atumie za shaba au za chuma kisichoshika kutu hata kama zinaongeza bei, na umwambie aachane na zile mbao za unga wa mbao zilizogandishwa kwa gundi. Unyevu unazivimbisha, na skurubu haishiki kwenye ukingo wake baada ya kufunguliwa mara mia.

Sasa tuje kwenye kiini. Kwa nini mada hii imeshika moto kwetu wakati huu?

Watu wameongezeka. Sensa ya 2009 ilihesabu Kwale watu 649,931. Ya 2019 ikahesabu 866,820. Hao ni zaidi ya watu laki mbili katika miaka kumi, na ukitembea Ukunda jioni utadhani nusu yao wameshukia hapo stejini. Barabara ya Dongo Kundu imefungua njia ya kutoka Mombasa bila kungoja feri ya Likoni. Vyumba vya watalii vya kukodi kwa usiku vimechipuka kila kichochoro cha Diani, na mwenye ploti anajua vizuri kwamba mgeni wa siku mbili anaweza kulipa kuliko mpangaji wa mwezi. Kwa hiyo chumba chako kinashindana na shuka nyeupe za mgeni.

Upande wa pili, kipato chetu hakitulii. Hoteli nyingi huajiri kwa msimu. Desemba umevaa sare, Mei unaambiwa utaitwa. Mgodi wa Base Titanium, ambao kwa zaidi ya miaka kumi ulikuwa umewapa vijana wa Msambweni na kwingineko kazi za moja kwa moja na za pembeni, ulifunga uchimbaji Desemba 2024. Mtu wa namna hii anahama. Anatoka chumba cha bedsita kwenda kumi kwa kumi, anatoka kumi kwa kumi kwenda kuishi na mwenzake, anarudi nyumbani Lunga Lunga kwa miezi mitatu, anarudi tena. Kila akihama, kochi la watu watatu linadai pikapu. Akikosa pesa ya pikapu, kochi linauzwa kwa bei ya kutupa, na Novemba anaanza kununua upya.

Kwangu mimi hapo ndipo fanicha ya kukunja inapolipa. Wengi wanaisifia kwa ajili ya nafasi, mimi naisifia kwa ajili ya kuhama. Kitanda cha chuma kinachokunjika katikati, meza inayolala bapa, viti viwili vya kukunja: vyote vinaingia kwenye tuktuk moja pamoja na mtungi wa gesi, na wewe mwenyewe ukakaa mbele na dereva. Mwanafunzi wa KMTC Msambweni anayemaliza masomo anaelewa ninachosema.

Lakini upo upande unaoniudhi, na lazima niuseme. Kitu cha kukunja kinamfundisha mpangaji kuvumilia, na mwenye nyumba anajifunza pia. Akiona mnaishi wawili kwa raha ndani ya futi mia, jengo linalofuata atalikata vyumba vya nane kwa tisa na kodi ibaki ile ile. Mimi nimeshaona tangazo la chumba Diani likisifia “nafasi ya fanicha za kisasa za kukunja”. Maana yake kwa Kiswahili chepesi ni kwamba kitanda cha kawaida hakiingii. Ukiokoa futi 24 kwa pesa zako, halafu mwaka ujao chumba cha bei hiyo kimepungua futi 24, aliyeokoa ni nani?

Tena nafasi ya sakafu si nafasi ya hewa. Watu wawili, dirisha moja, mtungi wa gesi unaopika maharage, feni inayozungusha joto lile lile. Hicho hakikunjiki.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inataja haki ya kila mtu kupata makazi ya kutosha. Serikali imeanza kukata ada ya nyumba kwenye mishahara: chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 mfanyakazi anatozwa asilimia 1.5 na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Katika mpango huo, nyumba ya chumba kimoja ina mita 20 za mraba. Si kasri, lakini ni zaidi ya mara mbili ya kumi kwa kumi. Kwa hiyo serikali yenyewe, inapojenga, inakubali kwamba mtu hatoshi kwenye mita tisa. Ajabu ni kwamba landilodi wa kawaida hakuna anayemuuliza swali hilo, na kijana wa hoteli anayekatwa ile asilimia 1.5 msimu ukiwa mzuri anaishi kwenye ploti ya huyu, si kwenye nyumba ya ile programu.

Ningekuwa na sauti kwa wenye ploti, ningewaambia wafanye kama wajenzi wa Marekani wa enzi za Murphy. Unajenga vyumba kumi? Weka meza ya kushuka ukutani katika kila kimoja, ifungwe kwenye saruji wakati ukuta unajengwa, na rafu juu ya mlango. Kwako ni gharama ndogo ya mara moja. Kwa mpangaji ni sababu ya kukaa miaka miwili badala ya miezi sita. Na uelekeze mlango ufungukie nje, au uwe wa kuteleza. Zile futi saba zinarudi bila mtu kununua chochote.

Upande wa mafundi, nafasi iko wazi kuliko wanavyodhani. Tangu Julai 2022 fanicha kutoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki imewekwa kwenye ushuru wa forodha wa asilimia 35, na Sheria ya Fedha ya 2023 ikaongeza ushuru wa bidhaa wa asilimia 30. Ile meza ya kwenye simu ikifika Ukunda imeshalipa nauli na kodi mpaka imechoka. Fundi wa hapa hana mzigo huo. Mzigo wake ni mbao. Marufuku ya kukata miti katika misitu ya serikali ya Februari 2018 ilipandisha bei, na ingawa Rais Ruto alitangaza kuiondoa Julai 2023, mwenye karakana atakwambia bei haikurudi ilikotoka. Ila Kwale ina mwarobaini, ambao mbao yake ni ngumu na wadudu hawaipendi, na ina minazi mizee isiyozaa. Mwembe upo pia, lakini usiukubali bila dawa, bungo wataula ukisikia kabisa usiku.

Tatizo ni kwamba fundi wengi wa barabarani wamezoea vitanda vya tano kwa sita na makochi ya watu saba, kwa sababu ndivyo tunavyoagiza sisi. Tunataka kochi la harusi ndani ya chumba cha kumi kwa kumi. Vyuo vya ufundi viko chini ya serikali ya kaunti tangu ugatuzi uanze, na ingefaa mwanafunzi wa useremala Kwale aulizwe siku ya mtihani atengeneze kitanda kinachopanda tuktuk.

Ukienda kwa fundi, usiridhike na kukitazama. Kifungue na kukifunga mara kumi hapo hapo mbele yake. Keti kwenye ncha, si katikati. Sikiliza. Kikilia leo, kesho kitapiga kelele. Na ukitaka kuanza na kitu kimoja tu, anza na meza. Kitanda unakitumia saa nane kila siku na ukikosea mgongo utakwambia. Meza unaihitaji saa mbili, halafu inakaa bure siku nzima ikikuzuia kupita.

Ile meza yangu ilibaki Ukunda. Nadhani mpangaji mwingine anaiandikia sasa, au anaipigia pasi. Ninakoishi leo nina nyingine, ya mwarobaini, yenye miguu yake, inayolala bapa nyuma ya mlango. Usiku naifungua naandika. Jioni, kuanzia saa kumi na mbili, jirani yangu anaibeba hadi kando ya barabara anaiwekea viazi karai, na akimaliza ananirudishia ikiwa imepanguswa, na sahani moja juu yake.